Hukumu Iliyotangulia Sura: Uchambuzi wa Kisa cha Fuvu la Giuseppe Villella

Mwaka 1864 alifariki mjini Pavia, kaskazini mwa Italia, mfungwa mmoja mzee aliyekuwa mbali sana na kwao. Jina lake lilikuwa Giuseppe Villella, mzaliwa wa Motta Santa Lucia, kijiji cha milimani katika jimbo la Calabria, kusini kabisa mwa nchi hiyo, na kosa alilohukumiwa kwalo lilikuwa wizi. Wengi wa namna yake walikufa katika magereza ya Italia ya miaka ile na kusahauliwa. Villella hakusahauliwa, kwa sababu fuvu lake liliingia mikononi mwa daktari Cesare Lombroso, na juu ya fuvu hilo ilijengwa nadharia iliyodai kwamba kuna watu wanaozaliwa wahalifu, na kwamba uhalifu wao unaweza kusomwa katika umbo la kichwa, taya, masikio na macho yao hata kabla hawajatenda lolote.

Kusoma tabia ya mtu usoni hakukuanza na Lombroso. Waarabu waliiita firasa na kuiandikia vitabu. Wagiriki walikuwa nayo kabla yao. Na huko Zurich mchungaji Johann Kaspar Lavater alichapisha kati ya 1775 na 1778 juzuu nne kubwa zilizosomwa Ulaya nzima. Mtu mmoja aliyeamini mafunzo ya Lavater alikuwa nahodha Robert FitzRoy, ambaye mwaka 1831 alisita kumchukua kijana Charles Darwin katika safari ya meli ya Beagle kwa kuwa aliona pua yake si pua ya mtu mwenye bidii na uthabiti wa kutosha. Darwin mwenyewe alisimulia jambo hilo uzeeni. Hata hivyo, kwa Lavater na wafuasi wake firasa ilibaki kuwa ushauri wa kumjua rafiki, mtumishi au mchumba. Lombroso ndiye aliyeivisha joho la tabibu, akaipa kipimo na takwimu, kisha akaifikisha mbele ya hakimu. Kwa hiyo kisa chake kinastahili kuchambuliwa hatua kwa hatua, na si kutupwa tu kapuni kama upuuzi wa watu wa zamani.

Lombroso alizaliwa Verona mwaka 1835 katika familia ya Kiyahudi. Alijiunga na jeshi kama daktari mwaka 1859, na mwaka 1862 kikosi chake kilipelekwa Calabria. Italia ilikuwa imeunganishwa mwaka mmoja tu kabla ya hapo, na kusini kulikuwa kunawaka moto: wakulima waliokosa ardhi, askari wa ufalme ulioangushwa na magenge ya wanyang'anyi walipambana na jeshi la serikali mpya, na serikali hiyo ikawaita wote kwa jina moja la maharamia. Agosti 1863 ilipitishwa sheria iliyojulikana kama Sheria ya Pica, iliyoiweka mikoa mingi ya kusini chini ya mahakama za kijeshi. Katika miaka hiyo Lombroso alipima miili ya askari wapatao 3,000 waliotoka sehemu mbalimbali za nchi, akitafuta tofauti kati yao. Jambo hili lina uzito mkubwa katika kisa chetu. Kabla fuvu la Villella halijawekwa juu ya meza, tayari lilikuwapo swali lililokuwa likingoja jibu, nalo lilikuwa: watu hawa wa kusini wana nini kinachowafanya wasitawalike?

Katika fuvu la kawaida, upande wa ndani wa kisogo, katikati kabisa, kuna ukingo mwembamba wa mfupa. Katika fuvu la Villella ukingo huo haukuwapo, na mahali pake palikuwa na kishimo laini. Lombroso alikumbuka kwamba umbo kama hilo huonekana kwa wanyama kama lemuri na panya. Akahitimisha kwamba sehemu ya ubongo iliyokaa juu ya kishimo hicho ilikuwa imekua kama inavyokua kwa wanyama hao, kwamba Villella alikuwa mtu ambaye maumbile yake yalirudi nyuma hadi hatua za kale za uhai, na kwamba hapo ndipo ulipotoka uhalifu wake. Mwaka 1871 alichapisha maelezo ya fuvu hilo, na mwaka 1876, mwaka alioanza kufundisha Torino, akatoa kitabu chake juu ya mtu mhalifu, L'uomo delinquente, ambacho kiliendelea kunenepa toleo baada ya toleo hadi la tano la mwishoni mwa miaka ya 1890. Maneno "mhalifu wa kuzaliwa" yalitoka kwa mwanafunzi wake Enrico Ferri, lakini wazo lilikuwa la mwalimu.

Wachambuzi wengi wa kisa hiki hulaumu vipimo. Husema kwamba vyombo vilikuwa duni, au kwamba elimu ya ubongo ilikuwa changa. Mimi siamini kwamba kosa kubwa liko hapo. Kishimo kile kilikuwapo kweli, na kipo hadi leo; ni moja ya tofauti ndogo za maumbile zinazopatikana kwa watu wachache wa kila jamii, na wenye nacho huishi na kufa bila kujua. Macho ya Lombroso hayakumdanganya. Kilichopotoka ni utaratibu wa kufikiri: alijua kwanza kwamba huyu ni mhalifu, kisha ndipo akaliangalia fuvu. Lau fuvu lile lile lingetoka kwa padri au mwalimu wa kijijini, kishimo kingeandikwa katika daftari kama jambo la ajabu na kufungwa humo. Hukumu ndiyo iliyolipa fuvu maana, halafu fuvu likatumiwa kuithibitisha hukumu.

Ili kujua kama kishimo kinahusiana na uhalifu, mtafiti anahitaji kuhesabu watu wa aina nne: wahalifu wenye kishimo, wahalifu wasio nacho, watu wema wenye kishimo, na watu wema wasio nacho. Ikikosekana hesabu ya aina yoyote kati ya hizo, hakuna ulinganisho. Siku Lombroso alipoona jibu lake, alikuwa na mtu mmoja wa aina ya kwanza.

Linalosikitisha zaidi ni yaliyompata Villella mwenyewe baada ya kufa. Katika maelezo ya mwanzo anaonekana kama alivyokuwa, yaani mwizi mzee. Kadiri nadharia ilivyokua, naye alibadilika. Katika simulizi za baadaye, zikiwamo zilizochapishwa na binti yake Lombroso mwaka 1911, Villella ni haramia maarufu mwenye wepesi wa ajabu, anayepanda miteremko mikali ya milima huku amebeba kondoo mabegani, na anayejisifia uhalifu wake waziwazi bila haya. Tukio la kuliona fuvu nalo likavikwa mapambo. Lombroso alisimulia kwamba asubuhi moja ya Desemba 1870, yenye baridi na giza, alipolitazama fuvu hilo aliona ghafla tatizo zima la asili ya mhalifu limeangazwa mbele yake, mithili ya uwanda mpana chini ya anga linalowaka. Alikuwa bado akiisimulia hadithi hiyo mwaka 1906, miaka zaidi ya 40 tangu Villella kufariki. Msomaji aone kilichofanyika hapa: baada ya wasifu wa mtu kutumiwa kulitafsiri fuvu, tafsiri ya fuvu ilirudi ikauandika upya wasifu wa mtu. Mzee aliyekufa akiwa mfungwa akawa kijana wa milimani, kwa sababu nadharia ya mnyama wa kale ilihitaji mwili wenye nguvu na wepesi.

Kutoka katika fuvu hilo moja Lombroso alikwenda kwenye nyuso za wafungwa kwa mamia. Akaorodhesha alama: taya kubwa, mifupa ya mashavu iliyotokeza, masikio yaliyochomoza, ndevu haba, mikono mirefu, kutohisi maumivu sana, chale za mwilini. Wezi, alisema, wana macho madogo yasiyotulia na nyusi nene. Wauaji wana macho makavu ya baridi na pua iliyopinda kama mdomo wa mwewe. Nyuso hizo alizikuta magerezani, na magereza ya Italia yalikuwa yamejaa maskini, wengi wao wa kusini, ambao miili yao ilibeba alama za njaa, maradhi na kazi ngumu za tangu utotoni. Alichokiona kuwa alama ya uhalifu kilikuwa, kwa sehemu kubwa, alama ya umaskini na ya asili ya mtu.

Walipotokea wahalifu wenye nyuso nzuri, nadharia haikuanguka, iliongezewa mlango. Lombroso alikiri kwamba si wahalifu wote waliozaliwa hivyo, na kwamba waliozaliwa hivyo walikuwa chini ya nusu. Alizungumzia wahalifu wa bahati mbaya, wa mapenzi na wa mazoea. Akaongeza kifafa kama chanzo kingine. Na walipotokea watu wema wenye alama zote, ilisemwa kwamba uhalifu wao umelala tu, haujapata nafasi ya kuamka. Elimu isiyoweza kukutana na uso wowote unaoipinga haijifunzi chochote kutoka katika nyuso. Kwangu mimi, kasoro hii inazidi ile ya fuvu, kwa kuwa fuvu lilikuwa pupa ya siku moja, ilhali milango hii ilifunguliwa kwa makusudi kwa miaka mingi.

Nadharia haikubaki maktabani. Katika kesi moja ambayo Lombroso aliisimulia mwenyewe, aliombwa maoni kuhusu ni yupi kati ya watoto wawili wa kambo wa mwanamke mmoja aliyemuua mwanamke huyo. Alimtazama mmoja wao na kutangaza kwamba huyo ni mfano kamili wa mhalifu wa kuzaliwa: taya kubwa mno, mdomo mwembamba wa juu, meno makubwa ya mbele, kichwa kikubwa kupita kawaida. Mtu huyo alitiwa hatiani. Hatuna njia ya kujua kama alikuwa na hatia au la, na uovu wa kesi hiyo uko papo hapo: taya halina uhusiano na mahali mtu alipokuwa usiku wa mauaji, hivyo hata kama mahakama ilimpata muuaji wa kweli, ilimpata kwa sababu isiyokuwa sababu. Mshtakiwa anaweza kuupinga ushahidi wa shahidi, wa kisu au wa nyayo. Taya lake atalipinga kwa lipi?

Upinzani ulianza mapema. Katika kongamano la wataalamu wa elimu ya wahalifu lililofanyika Roma mwaka 1885, daktari Mfaransa Alexandre Lacassagne alisisitiza kwamba mazingira ya jamii ndiyo yanayozalisha wahalifu. Baada ya kongamano la Paris la mwaka 1889 iliundwa kamati ya kulinganisha wahalifu 100 na watu wema 100. Kazi hiyo haikufanyika, na Waitaliano wakasusia kongamano lililofuata la Brussels, mwaka 1892. Ulinganisho mkubwa ulikuja kufanywa na daktari wa magereza wa Uingereza, Charles Goring, aliyetumia vipimo vya wafungwa wapatao 3,000 na kuwalinganisha na makundi ya watu huru, wakiwamo wanafunzi wa vyuo vikuu na askari. Alichapisha matokeo mwaka 1913. Alikuta kwamba wafungwa walikuwa wafupi kidogo na wepesi kidogo kwa uzito kuliko wengine, lakini hakukuta umbo la mwili au la kichwa linalomtenga mhalifu na watu wengine. Lombroso hakuyaona matokeo hayo, kwani alifariki mwaka 1909.

Ingekuwa rahisi kumfanya Lombroso kuwa mtu mbaya, lakini hakuwa. Alipambana kwa miaka mingi na ugonjwa wa pelagra uliowaua wakulima maskini waliokula mahindi peke yake, akakosana na wenye mali kwa ajili hiyo. Alijiunga na chama cha kisoshalisti. Mwaka 1894 aliandika dhidi ya chuki kwa Wayahudi. Mkwe wake na mrithi wa kiti chake cha ualimu, Mario Carrara, alikuwa miongoni mwa maprofesa wachache waliokataa kula kiapo cha utii kwa utawala wa kifashisti mwaka 1931. Ninayataja haya kwa sababu wengi hudhani kuwa hukumu ya sura ni ugonjwa wa watu wenye roho mbaya, na kwamba mtu mwenye huruma na elimu amekingwa nao.

Katika eneo letu la Maziwa Makuu tunajua kwa uchungu mahali ambapo kusoma miili kunaweza kufikia. Nchini Rwanda, wakoloni wa Ulaya walipima urefu, pua na vichwa vya watu wakidai kwamba Watutsi na Wahutu ni mataifa mawili ya asili tofauti, na katika miaka ya 1930 utawala wa Ubelgiji ukagawa vitambulisho vilivyoandika kundi la kila mtu. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, wauaji waliuliza kitambulisho, na kwa asiyekuwa nacho walitazama kimo na pua. Waliuawa hata watu ambao kitambulisho chao kingewaokoa, kwa kuwa sura yao ilishukiwa. Sidai kwamba Lombroso alisababisha hayo. Mkondo wa mawazo yaliyofika Rwanda ulikuwa na vyanzo vyake. Ninachokiona ni utaratibu ule ule: kundi linatangazwa kwanza, hatia inapachikwa kwenye kundi, kisha uso wa mtu mmoja mmoja unatakiwa kutoa ushahidi dhidi ya mwenyewe.

Mwaka 2016 utaratibu huo ulirudi katika vazi la kompyuta. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Jiao Tong cha Shanghai walitangaza kwamba programu waliyoifundisha kwa picha 1,856 za nyuso iliweza kuwatambua wahalifu kwa usahihi wa karibu asilimia 90. Wakosoaji walipozichunguza picha waligundua jambo la kawaida kabisa. Picha za wahalifu zilitoka kwa polisi na mamlaka nyingine, ilhali za watu wengine zilikusanywa kutoka intaneti, ambako mtu huweka picha aliyojitengeneza vizuri. Katika zile za pili watu walielekea kutabasamu na kuvaa shati lenye kola. Mashine ilikuwa imejifunza kutofautisha aina mbili za picha. Hukumu ilikuwa imekwisha kukaa ndani ya picha kabla kompyuta haijawashwa, kama ilivyokuwa imekwisha kukaa ndani ya fuvu la Villella.

Na pasipo mashine wala nadharia, macho yetu hufanya kazi hiyo kila siku. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 na John Paul Wilson na Nicholas Rule uliwahusu wafungwa wa jimbo la Florida, Marekani, waliopatikana na hatia ya mauaji. Watu wasiojua lolote kuhusu kesi walionyeshwa picha na kuulizwa uso upi unaaminika. Nyuso walizoziona haziaminiki zilikuwa, kwa wastani, za waliohukumiwa kifo zaidi kuliko za waliohukumiwa kifungo cha maisha. Mwelekeo huo ulionekana hata kwa watu ambao baadaye walithibitika hawana hatia. Uso haukusema kweli kuhusu kosa, ila ulisikilizwa. Kwetu tunasema kijana fulani "ana sura ya jambazi", na mahali ambapo kelele ya "mwizi!" inaweza kukusanya umati wenye mawe kabla polisi hawajafika, maneno hayo si utani.

Fuvu lenyewe lilirudi mahakamani. Novemba 2009 Chuo Kikuu cha Torino kilifungua kwa umma makumbusho ya Lombroso yaliyokarabatiwa, ambamo fuvu la Villella limo pamoja na mifupa ya Lombroso mwenyewe, aliyeagiza kwamba mwili wake utumiwe na sayansi. Manispaa ya Motta Santa Lucia ilidai mabaki ya mwana wake ili yazikwe kijijini. Mwaka 2012 mahakama ya Lamezia Terme iliamuru yarudishwe, na chuo kigharimie usafiri na mazishi. Chuo kilikata rufaa, kikieleza kwamba makumbusho yanalionyesha fuvu kama ushahidi wa kosa la kisayansi. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ya Catanzaro ikakipa ushindi, na mwaka 2019 mahakama ya juu kabisa ya Italia ikakubaliana nayo: fuvu ni mali ya urithi wa utamaduni na litabaki Torino.

Kisheria shauri limekwisha. Mimi naona kwamba hoja ya mazishi ilikuwa na haki zaidi kuliko mahakama ilivyoipa, kwa kuwa kosa la Lombroso linaweza kufundishwa kwa maandishi, kwa michoro na kwa nakala ya plasta, wakati Villella hakuulizwa kamwe kama anakubali kuwa kielelezo. Lakini upande wa waliolidai fuvu nao ulikuwa na watu waliomtangaza Villella kuwa shujaa wa kusini, mpiganaji aliyeuteta uhuru wa nchi yake dhidi ya wavamizi wa kaskazini. Watafiti wa historia waliokwenda kwenye kumbukumbu za hukumu na za parokia hawakumkuta shujaa huyo, kama ambavyo hawakumkuta haramia wa Lombroso mwenye kondoo mabegani. Walimkuta kibarua maskini wa Calabria aliyehukumiwa kwa wizi na kufia mbali na nyumbani, ambaye kuhusu tabia yake kumbukumbu hizo zinaeleza machache sana, na fuvu lake halielezi lolote.